Pete Mkono wa Kushoto

Bad Ellernbach, Alhamisi 11 Agosti 1994

Rosi mke wangu,

Nimefika salama, magoti yakilalamika njia nzima. Wamenipa chumba pamoja na bwana mmoja wa Rostock, dereva mstaafu wa kreni bandarini, anayekoroma hadi glasi yenye meno yake ya bandia inatetemeka kwenye meza. Asubuhi wananizika kwenye tope la moto mpaka kidevuni, mchana wananikanda, jioni wananinyima siagi. Daktari ni binti mdogo kuliko Kerstin wetu. Alinibonyeza magoti, akauliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia nimejenga majiko ya vigae ya kupasha vyumba joto tangu nina miaka kumi na sita, na kwamba nimepiga magoti kuliko mchungaji yeyote wa Mecklenburg. Akacheka, lakini wiki nne hakupunguza hata moja.

Mwagilia nyanya jioni, si mchana. Ule mlango wa karakana unakwama, uusukume kwa bega.

Jirani yetu Traudel aliniambia kwamba Jumapili wanaifungua ile nyumba ya Thekla Wulfhagen kuwa makumbusho, na kwamba mnakwenda wewe na yeye. Sikukatazi. Ila siku ya kwanza watu watajaa, hotuba zitakuwa ndefu na keki itaisha mapema. Ningekuwa wewe ningengoja mumeo arudi, twende pamoja taratibu.

Wako,
Ecki


Krevitz, Jumatatu 15 Agosti 1994

Eckhard,

Utaona sikuandika Ecki.

Nilikuwa nimepanga barua nyingine kabisa. Nilitaka kukutania kuhusu wajane wa hapo Bad Ellernbach, maana nani hajui kwamba wanaume huenda huko kutibiwa magoti wakarudi na anwani za watu mfukoni. Nilikuwa na mzaha mzuri sana wa taulo. Jana alasiri ukanifia mdomoni.

Tulikwenda. Keki ya plamu ilikuwepo hadi jioni, kwa hiyo hata kwenye keki ulinidanganya. Mlangoni tulivishwa yale makubazi makubwa ya kitambaa kizito, ya kuvaa juu ya viatu ili tusikwaruze mbao za sakafu. Basi ungeona Krevitz nzima, meya mbele, tunateleza vyumbani mle kama watu wanaojifunza kutembea. Traudel alicheka mpaka akashika ukuta, akakaripiwa. Nami nilicheka. Nakuambia hili ujue nilivyoingia chumba cha mwisho nikiwa mtu mwenye furaha.

Chumba cha mwisho ndicho Thekla alichokuwa akichongea picha zake. Lile jiko la kijani ulilomjengea bado liko konani. Hilo nalijua, hukuwahi kulificha. Kando ya jiko kuna picha kubwa, chapa ya ubao, nyeusi na nyeupe, ndani ya kioo. Mwanamume amekaa sakafuni, ameegemea jiko hilo hilo. Hana shati. Mabegani kajifunika mtandio wa kike wenye vishada. Kiatu kimoja kavaa, kimoja kavua.

Eckhard, duniani kuna mwanamume mmoja tu anayevua kiatu kimoja akikaa kupumzika, na mimi ndiye ninayejikwaa kwenye hicho kiatu kila jioni. Nikasogea. Sikio lililokunjika ni lako. Kidole gumba kilichopinda ni chako. Uso umeuinamisha, mdomo wazi, mwanga wa moto unakuchezea mashavuni. Na uso huo sijawahi kuuona. Nimelala ubavuni mwako karibu miaka thelathini na miwili, nimekuona na homa, nimekuona umelewa, nimekuona Kerstin alipozaliwa. Uso huo hukunionyesha.

Na pete. Mkono umelala juu ya goti, pete inaonekana wazi, mkono wa kushoto. Wala sikuhitaji kutafuta tarehe. Pete yako ilikaa kushoto kuanzia Pentekoste ya mwaka 1961 tulipochumbiana, hadi Oktoba ya mwaka uliofuata ulipoihamishia kulia mbele ya mchungaji kama watu wote wa kwetu wanapooana. Unakumbuka ilivyogoma, kidole cha kulia kilikuwa kinene zaidi, mama yangu akacheka kwa sauti kanisani. Kwa hiyo najua ni lini. Nilikuwa nashona mapazia ya nyumba yetu kwa taa ya jikoni kwa mama, na mchumba wangu yuko sakafuni kwa mwanamke wa suruali anayevuta kiko, kifua wazi, kavikwa mtandio.

Msimamizi ni binti wa Berlin anaitwa Bi Lindow. Anazunguka akiwauliza wenyeji wanawatambua watu gani kwenye picha, apate kuandika majina. Chini yako pameandikwa "Mwanamume asiyejulikana". Akaniuliza: "Mama, huyu unamfahamu?" Traudel yuko nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nikasema simfahamu. Na kwa dakika ile, Eckhard, sikusema uongo.

Sasa nijibu. Ilikuwaje, mara ngapi, na shati lilitokaje. Habari za siagi sizitaki.

Roswitha


Bad Ellernbach, Alhamisi 18 Agosti 1994

Rosi,

Ni mimi. Sitabisha na sikio langu mwenyewe.

Na umeona sawasawa, pete iko kushoto, basi ni kipindi hicho ulichosema, kabla hatujaoana. Nilikuwa kazini, namtengenezea jiko. Kulikuwa na joto, shati lilichafuka kwa udongo, nikakaa kupumzika naye akachonga. Ndivyo alivyokuwa, akimwona mtu ametulia lazima amchonge. Alimchonga hata yule mzee wa posta akisinzia. Hakuna lingine la kusimulia. Sikukwambia kwa sababu halikuwa jambo.

Nimekutumia kopo la biskuti nyembamba za hapa, zile za karanga unazozipenda. Magoti yanapata nafuu. Wa Rostock amehamishwa chumba, sasa nalala.

Usimsikilize sana Traudel.

Ecki


Krevitz, Jumatatu 22 Agosti 1994

Ecki,

Biskuti zimefika, nusu zimevunjika, nimekula zilizovunjika kwanza.

Nimekaa na jibu lako siku mbili nikiligeuza huku na huku. Mara ya kwanza lilinikera kwa ufupi wake, maana wewe ukieleza jinsi ya kuchanganya udongo unajaza ukurasa, na hapa umenipa mistari michache. Mara ya pili nikasema, haya, Roswitha, mtu hakuwa bado mume wako. Wewe mwenyewe kipindi kile ulicheza dansi tatu mfululizo na yule mpiga tarumbeta wa Güstrow, na Ecki hajawahi kukuuliza. Kwa hiyo nimekusamehe. Nimeandika neno hilo kwa wino na sitalifuta.

Lakini kusamehe hakujaniondolea wivu, nakuambia wazi, na huna haki ya kunicheka. Namwonea wivu maiti! Yule mwanamke amekufa miaka kumi na mitano iliyopita, na mimi usiku namgombeza. Nakumbuka alivyokuwa akipita sokoni na baiskeli yake ya kiume, hasalimii mtu, wanaume wote wanajifanya wanachagua viazi. Alikuwa na arobaini na kitu, na mwendo wake ulikuwa mzuri, nakubali. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, na mikono myekundu ya kufua. Nani angenichonga mimi?

Nimekwenda tena Jumanne, Alhamisi na jana. Bi Lindow anadhani nimependa sanaa. Amenipa bure tiketi ya msimu mzima, na jana akaniletea kiti. Nakaa mbele yako na makubazi yangu ya kitambaa, tunatazamana, au tuseme mimi nakutazama, maana wewe umeinamisha uso. Natafuta ulikuwa unawaza nini. Kila nikikaribia kukuona ni ule mtandio tu ninaouona. Nijibu swali moja, la mwisho, halafu nitaliacha: ulijivika mwenyewe au alikuvika yeye?

Jumapili Bi Lindow anaonyesha jinsi Thekla alivyokuwa akichonga na kupiga chapa. Traudel ametuandikisha. Nitakwenda, nijue basi huyo bibi alikuwa anafanya nini na mikono yake.

Nyanya zimeiva zote kwa mpigo. Nazipika na kuzitia kwenye chupa.

Wako, mwenye hasira kidogo bado,
Rosi


Krevitz, Jumapili 28 Agosti 1994, jioni

Eckhard Pagel,

Nakuandikia na wino wa makumbusho kwenye kucha.

Tulikuwa watu wanane mezani. Bi Lindow akampa kila mmoja kipande cha ubao laini na kisu, akasema tusihangaike na mambo makubwa, kila mtu aweke mkono wake wa kulia juu ya ubao, jirani amfuatishie kwa penseli, halafu achonge. Traudel alinifuatishia mimi. Nilichonga vizuri, hata wenzangu walinisifu, na pete nikaichonga, mahali pake, mkono wa kulia, kama mwanamke aliyeolewa. Tukapaka wino. Tukaweka karatasi, Bi Lindow akazungusha mtambo, akanibandulia karatasi, akanipa.

Ulikuwa mkono wa kushoto. Pete kushoto. Nina miaka hamsini na minne na nimekuwa mchumba tena.

Nikamuuliza: "Binti, hivi kila kitu hugeuka?" Akasema: "Kila kitu, mama. Ubao na karatasi hutazamana uso kwa uso. Cha kulia huwa kushoto, hakuna namna." Wengine wanacheka mikono yao. Traudel hakucheka, alikuwa ameshaelewa, na sura aliyonitazama nayo sitaisahau. Nilikwenda na makubazi yangu mpaka chumba cha mwisho. Nilikimbia, nikaanguka, nikainuka. Nikakutazama.

Mkono ule ni wa kulia. Ulikuwa mume wangu.

Na wewe ulijua. Wewe unajua chapa ya ubao hufanyaje kazi, ulikaa mbele yake akichonga. Ulisoma barua yangu, ukaona mkeo mjinga amesoma pete kwa upande usio wake, ukasema afadhali, ngoja nijifiche humo humo. "Umeona sawasawa," ukaniandikia. Nami nikakusamehe! Nilikaa kwenye kiti cha makumbusho nikamsamehe mwanamume aliyekuwa anacheka kwenye tope.

Sasa naanza kupekua miaka yote. Alihitaji jiko mara ngapi, yule mwanamke? Ni mwaka ule uliochelewa kila jioni kwa kazi ya shule ya Lübsee? Ni kipindi nilipokuwa na mimba ya Kerstin, miguu imevimba? Kila jioni uliyochelewa sasa ina mtandio. Umenichafulia hata zile nzuri.

Tiba yako inakwisha Jumanne tarehe 6. Usipande treni. Nimempigia simu Kerstin, sikumwambia kitu, nimemwambia tu baba yako huenda akaja kwako. Kama utarudi katika nyumba hii au hutarudi, itategemea utakachoandika, na mara hii andika kama unavyoandika habari za udongo.

R.


Krevitz, Jumatano 31 Agosti 1994

Tarishi amepita, amenipa bili ya umeme na tangazo la viatu.

Kimya chako ndicho jibu? Nauliza nipate kujua kama nitoe nguo zako nje ya kabati au ningoje.

R.


Bad Ellernbach, Alhamisi 1 Septemba 1994

Rosi,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Sikuwa nacheka kwenye tope. Naomba hilo ulitoe kwanza.

Ni Februari ya mwaka 1964.

Sasa umejua ni lini, na umejua kwa nini niliukimbilia ule uchumba ulionipa. Ningekiri dhambi yoyote ya mwaka 1961, hata nisiyoifanya, kuliko kuutaja mwezi ule mbele yako.

Wewe ulikuwa hospitali ya wilaya na homa ya uzazi, hawakukuruhusu hata kukaa kitandani. Tulikuwa tumeshamzika mtoto, mimi na baba yako na mchungaji. Siku ya pili yake nilikuja kukuona, daktari akanivuta pembeni kwenye ukumbi kabla sijaingia. Akasema: "Bwana Pagel, mkeo akikuona umevunjika naye atavunjika, na sasa hivi moyo wake hauwezi. Jikaze. Mbele yake usilie, wala usimtaje." Nikaitikia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na yeye alikuwa daktari. Hakuna aliyekuja baadaye kuniambia sasa inatosha.

Wiki hiyo Thekla akaleta ujumbe karakana kwamba jiko linatoa moshi. Nikaenda, nikabomoa safu ya juu, nikachanganya udongo. Unajua ninavyofanya, nachota donge la mikono miwili nalikanda kabla ya kulibandika. Nikachota. Lilikuwa na uzito wa mtoto wetu, Rosi. Nilikuwa nimembeba mikononi mara moja tu, muuguzi aliponipa nimshike wakati wanatandika, na mikono ilikuwa haijasahau. Nikashindwa kulibandika, nikashindwa kuliweka chini. Nikasimama pale na udongo kifuani unanichuruzikia shati, yule mama akaja na kiko chake akanitazama. Akasema: "Fundi, leta hapa." Akaupokea udongo kwa mikono miwili, akauweka kwenye beseni. Ndipo nikaanguka chini na kulia.

Hakuniuliza kitu. Shati lilikuwa limelowa, akanivua, akaliloweka, akanifunika mtandio wake. Basi nimekujibu, alinivika yeye. Nikasema nitamaliza jiko kesho, samahani. Akasema: "Lia tu, bwana wee, jiko haliendi popote." Halafu akaketi kwenye kigoda, akachukua ubao na kisu, akawa anachonga, kama mtu anavyofuma wakati mwenzake yuko naye chumbani.

Jiko lilipona siku iliyofuata. Mimi nilirudi hata hivyo, kila Jumanne baada ya kazi, mpaka karibu na Pasaka. Nilikuwa nafika, nakaa pale pale, nalia, nanawa uso kwa maji ya baridi, nakuja nyumbani. Wewe ulikuwa umesharuhusiwa. Ulikuwa unakaa dirishani, husemi, nami naingia na mluzi kwa sababu daktari alisema nijikaze. Thekla na mimi hatukugusana. Sikumpenda na hakunipenda, nadhani hata jina langu hakulijua, aliniita fundi. Lakini jina la mtoto nililitamka pale mara nyingi. Nyumbani sijalitamka hata mara moja. Naliandika hapa.

Henrik.

Hayo ndiyo yote. Sijui kama ni jambo dogo kuliko ulilolidhani. Wewe utaniambia.

Nitafanya utakavyoamua kuhusu treni.

Eckhard


Krevitz, Jumamosi 3 Septemba 1994

Eckhard,

Ni kubwa zaidi.

Ningependa ungelala naye. Nasema hivyo nimekaa, sijapandisha sauti, nimekunywa na kahawa. Ungelala naye ningejua la kufanya. Ningekuvunjia zile sahani za bluu za mama yako, ningekwenda kwa Kerstin mwezi mmoja, watu wangesema, na Krismasi ningekusamehe, maana mambo ya kitandani hupita kwa kila mtu. Lakini ulimpelekea machozi. Yale yalikuwa yangu! Mimi ndiye niliyemzaa. Kama kulikuwa na mtu mmoja katika nchi hii aliyestahili kukaa na wewe sakafuni ni mimi, na ukanipa mimi mluzi.

Unajua nilivyoishi na ule mluzi? Nilikuwa nafungulia bomba kule kwenye chumba cha kufulia, nalia maji yakimwagika, nisikusumbue wewe mwanamume mgumu. Nilijiambia, Roswitha, umeolewa na jiwe. Ulikunja kile kitanda cha mtoto ukakipandisha darini bila kusema neno, nikajiambia, ameshasahau. Nilikuchukia, Ecki. Kwa muda mrefu, tena kimya kimya, huku nakupikia. Kerstin alipozaliwa nilikuona unacheka nikawaza, tazama, amepata mwingine, kwake ni sawasawa. Hilo nililiwaza mimi, mkeo. Na wakati wote huo uso ule ulikuwepo, umetundikwa mahali, wengine wanauona.

Jana nilikwenda makumbusho. Palikuwa na mtu na mkewe kutoka Hamburg, wenye pesa, mwanamke ana mkufu wa mawe makubwa. Wanasimama mbele yako. Mwanamke anamwambia mumewe: "Ona alivyouchora mwanga wa moto mashavuni, unang'aa kabisa." Nikasikia mtu anasema kwa sauti: "Huo si mwanga. Analia." Kumbe ni mimi. Wakageuka. "Unamfahamu, mama?" Nikasema: "Ni mume wangu. Anamlilia mtoto wetu." Walishika midomo yao, wakateleza wakaenda chumba kingine na yale makubazi, wakaniachia chumba chote.

Bi Lindow alikuwa mlangoni. Hakuniuliza jina lako aliandike, na mimi sijampa. Akitaka atakuuliza mwenyewe.

Nilibaki pale mpaka walipofunga. Nilikuwa nimekwenda kumgombeza Thekla, nilikuwa na maneno ya kutosha. Nikashindwa, kwa sababu kila nikianza nakumbuka kwamba alikufunika, na mimi sikujua unahisi baridi. Namwonea wivu kuliko wiki iliyopita. Sidhani kama utaniisha. Ila sasa ninajua ninachomwonea wivu, na bado kipo, umekibeba wewe.

Kwa hiyo nisikilize. Panda treni. Lakini usiniletee biskuti, na ukiingia mlangoni na mluzi nitakutoa nje na begi lako. Kaa mezani kwangu jikoni, nikuone. Sijawahi kukuuliza habari za siku mliyomzika, kwa sababu nilidhani huna cha kusimulia. Ninauliza sasa. Hali ya hewa ilikuwaje? Mlimvika nini? Nani alimbeba? Mimi ni mama yake na sijui hata nani alimbeba.

Roswitha


Bad Ellernbach, Jumatatu 5 Septemba 1994

Rosi wangu,

Barua yako imenifikia wakati wa chakula cha mchana. Nilipaswa kungoja nifike chumbani. Nikaifungua mezani, supu imeshapakuliwa, na nilipofika kwenye maneno yako ya bomba la chumba cha kufulia nikaanza kulia, mbele ya ukumbi mzima, na vile vijiko vyote vikanyamaza. Mhudumu, mama mmoja mwenye huruma, akaja mbio na kitambaa, akanishika bega, akasema: "Njoo ukae na mimi kidogo, baba, unieleze." Nikamwambia: "Asante sana, hapana. Haya nayapeleka nyumbani."

Treni yangu inafika Jumatano saa kumi na robo jioni. Usije stesheni. Ningoje jikoni.

Nitakueleza yote tukikaa, lakini sitaki ungoje mpaka Jumatano kwa haya matatu. Kulikuwa na theluji, upepo kutoka ziwani. Tulimvika kile kikofia cheupe ulichokifuma, na soksi zake. Baba yako alitaka tusaidiane kubeba, kama inavyotakiwa. Sikukubali. Nilimbeba mimi, na lile sanduku nililiingiza ndani ya koti langu nikafunga vifungo, kwa sababu ya baridi.

Ecki